Bustani Juu ya Vichwa vya Samaki: Mwongozo kwa Wakaidi

Ipo desturi moja mjini ambayo natamani ife kabla haijaua samaki wengine. Jumamosi asubuhi mwenye tangi anakunja suruali, anawavua samaki kwa kikombe cha chai na kuwatia kwenye ndoo, anamwaga maji yote, anasugua vioo na mawe kwa sabuni ya unga, anasuuza sponji chini ya bomba mpaka maji yatoke meupe, kisha anajaza maji mapya na kuwarudisha samaki kwenye nyumba inayong'aa. Jumatatu wawili wanaelea. Anakwenda dukani kulalamika, na muuzaji anamjibu kwa huruma, "Bosi, samaki wa awamu hii hawana nguvu," halafu anamuuzia wengine wanne. Jumamosi inayofuata anasugua kwa bidii zaidi.

Nakusudia kumpokonya ndugu huyo brashi na kumkabidhi msumeno. Ajenge chujio la kukaa juu ya tangi: sanduku refu la plastiki lililojaa mawe na mimea, pampu ndogo inayopandisha maji upande mmoja, na bomba linaloyarudisha kwa mteremko upande wa pili. Ujenzi wenyewe ni wa Jumamosi na Jumapili, na karibu kila kitu kinapatikana duka la vifaa vya ujenzi. Kinachochukua muda ni kusubiri baada ya hapo, na kusubiri ndiko kunakowashinda wengi.

Kwanza tuelewane kuhusu uchafu. Taka kubwa ya samaki hutokea mashavuni, wala si kwenye yale mavi tunayoyaona yakining'inia nyuma yake. Ni amonia, nayo haina rangi. Maji yanaweza kuwa maangavu kiasi cha kusomea gazeti upande wa pili wa kioo, na bado samaki aliyemo anaungua mashavu. Wanaoiondoa ni bakteria. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky, Mrusi aliyekuwa akifanya utafiti Zürich, alionyesha kwamba wapo viumbe wadogo wanaoishi kwa kuigeuza amonia. Kundi moja huifanya nitriti, ambayo nayo ni sumu, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa miongo mingi vitabu vya wafugaji vilimsifu Nitrobacter kwa hatua hiyo ya pili, mpaka mwaka 1998 Timothy Hovanec na wenzake walipochunguza matangi ya maji baridi na kukuta kazi inafanywa na jamaa wa Nitrospira. Mwaka 2015 watafiti wakatangaza kwamba wako Nitrospira wanaofanya hatua zote mbili peke yao, na baadhi yao walipatikana kwenye chujio la mfumo wa kufugia samaki. Nawapenda viumbe hawa, na ningefurahi kama wangetajwa kila mahali panapouzwa samaki.

Bakteria hawa hujibandika kwenye sponji, ndani ya vitundu vya mawe na kwenye mizizi. Ndugu yetu wa Jumamosi, kwa sabuni na maji ya bomba yenye klorini, anawafuta kazi watumishi wote wa nyumba kisha Jumatatu anauliza kwa nini taka haijazolewa. Ndiyo maana chujio zuri linataka mambo mawili: nafasi kubwa ya kujibandika, na mwenyewe asiyelishikashika.

Mimea inaongeza jambo la tatu. Bakteria huigeuza taka tu, ila mmea huila na kuitoa majini kabisa ikawa jani. Kampala wanalijua hili kwa kiwango cha jiji: kwa miaka mingi maji machafu ya jiji yamepita kwenye kinamasi cha Nakivubo, penye mafunjo, kabla ya kuingia ghuba ile ile ya Ziwa Viktoria ambamo jiji huchota maji ya kunywa. Ujerumani, kuanzia miaka ya 1950, Käthe Seidel alifanya majaribio mengi ya kusafisha maji machafu kwa matete na mimea ya jamii hiyo, na mabwawa mengi ya kusafishia maji yanayojengwa leo yanafuata njia aliyoifungua.

Utauliza kwa nini mimea isikae ndani ya tangi, mbele ya macho. Kama unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, panda ndani uone. Tropheus hushinda akikwangua na kunyofoa chochote cha kijani. Neolamprologus multifasciatus, kile kisamaki kidogo kinachoishi ndani ya makombe matupu ya konokono aina ya Neothauma, huchimba mchanga usiku na mchana kupanga makombe yake, na mmea wowote uliopandwa jirani hung'oka kabla haujashika. Perege na samaki wa dhahabu nao ni walaji wa majani. Mizizi ikikaa juu ya tangi, kila mmoja anabaki na chake.

Kwa samaki wa Kigoma iko sababu nyingine nzito zaidi. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Amonia ndani ya maji hukaa kwa sura mbili, moja kali sana na nyingine ya upole, na pH ndiyo inayoamua mgawanyo. Kwenye nyuzi 25, maji ya pH 7 huwa na sura kali isiyofika asilimia 1 ya amonia yote. Kwenye pH 8 inafika kama asilimia 5. Kwenye pH 9 inapita theluthi. Kiasi kile kile cha taka ambacho samaki wa maji ya kawaida atakisikia kama kero, kwa Tropheus ni hukumu ya kifo. Ziwa lile lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sikilidi, karibu zote hazipatikani kwingine duniani. Mbelgiji Pierre Brichard aliwasafirisha kutoka Bujumbura kwenda nchi za nje na kuwaandikia kitabu kizima mwaka 1978, na mmoja wao, Neolamprologus brichardi, ana jina lake. Inaniuma kumkuta samaki wa ziwa letu amewekwa kwenye bakuli la mviringo juu ya televisheni, bila chujio, akipumua midomo ikiwa juu ya maji. Mwenye bakuli hilo akisoma hapa, naomba aanze leo.

Tuchukue tangi la sentimita 90 kwa 45 kwa 45, yaani lita 180 hivi. Sanduku la juu liwe na urefu wa sentimita 80, upana wa 20 na kina cha 18, kama yale ya kupandia maua barazani. Kabla hujafurahia jinsi linavyokaa vizuri juu ya kioo, piga hesabu ya uzito: likijazwa kokoto za kawaida na maji, linaweza kukaribia kilo 50. Kingo za tangi hazikutengenezwa kubeba mzigo huo. Mwambie fundi seremala au mchomeleaji akutengenezee fremu inayosimama sakafuni yenyewe, sanduku lipite juu ya tangi bila kuligusa. Atakuambia, "Mbona kioo kinene hiki?" Mwambie asante, na fremu uitake vile vile.

Halafu matundu. Hapa ndipo urafiki wako na fundi bomba utakapojaribiwa.

"Fundi, nataka matundu mawili ya kutolea maji."

"Moja linatosha, bosi. Maji hayaji kwa presha."

"Mawili, fundi. La pili juu ya la kwanza."

Shikilia hapo hapo. Pampu husukuma kwa nguvu, lakini maji hurudi kwa uzito wake tu, kwa hiyo njia ya kurudi lazima iwe pana kuliko ya kupanda. Ukipandisha kwa mpira wa nusu inchi, rudisha kwa bomba la inchi moja na robo. Tundu la pili, lenye upana ule ule, likae sentimita 3 juu ya la kwanza. Siku mzizi au jani litakapoziba la chini, maji yatapita la juu, nawe utaona mkondo umehama na kujua kuna kazi. Bila tundu la pili utajua kwa mlango kugongwa na jirani wa ghorofa ya chini. Kwenye kila tundu funga kile kiungio cha nati na mpira ambacho mafundi hufungia simtanki. Silikoni peke yake haishiki vizuri plastiki laini ya masanduku haya, itaachia tu. Mahali pa lazima penye silikoni, tumia ile isiyo na dawa ya kuzuia ukungu, uache ikauke hadi harufu ya siki iishe kabisa.

Pampu nayo ina fitina zake. Kile kiasi kilichoandikwa kwenye boksi, lita 1,500 kwa saa mathalani, ni cha pampu isiyopandisha maji popote. Kadiri unavyopandisha ndivyo kinavyopungua, na kwenye kimo cha juu kilichoandikwa hapo hapo, tuseme mita 2, haitoki hata tone. Kwa kupandisha sentimita 80, pampu hiyo itakupa lita kama 900, na hicho ndicho unachotaka: maji yote ya tangi yapite kwenye chujio mara nne au tano kwa saa. Ikiwa ni ya wati 25, itakula uniti 18 kwa mwezi. Mwambie mwenzako nyumbani mapema, kabla hajaanza kulishuku friji.

Itundike pampu juu juu, mdomo wake uwe sentimita 5 tu chini ya uso wa maji. Wauzaji wengi hukushauri uilaze chini kabisa ili ivute uchafu, na ushauri huo umelowesha mazulia mengi. Ikiwa chini na matundu yote mawili yakaziba, itahamishia tangi zima sakafuni na kuwaacha samaki wakigaagaa kwenye mchanga. Ikiwa sentimita 5 chini, inaweza kutoa lita 20 basi, kisha inavuta hewa na kupiga kelele mpaka uje uizime. Ndoo moja inadekika. Gharama ya usalama huo ni kwamba maji hupungua kwa joto na utalazimika kuongeza kidogo kila baada ya siku mbili, na ukiongeza utawatazama samaki, jambo ambalo lilikuwa shabaha ya kununua tangi.

Mwisho wa mpira unaopandisha maji uishie juu ya maji ya sanduku. Ukizama humo, siku umeme ukikatika maji yatanyonywa kurudi chini kwa njia ile ile, na tangi lililojazwa mpaka ukingoni litamwagika. Na waya wa pampu uache uning'inie kwanza chini ya usawa wa soketi ndipo upande kuchomekwa, tone linaloteremka na waya lidondoke sakafuni. Hapo sitanii hata kidogo: maji na umeme vimeua watu wazima wenye akili zao.

Ndani ya sanduku, maji yaanzie kwenye chumba kidogo cha sponji au madodoki ya plastiki ya kuoshea vyombo, mapya na yasiyo na sabuni, ili vipande vya chakula na mavi vikwame hapo. Sehemu iliyobaki yote jaza mawe. Bora kabisa ni mawe ya volkano yenye vitundu, jamaa wa lile jiwe jepesi la kusugulia visigino. Ni mepesi, na vitundu vyake huwapa bakteria eneo ambalo kokoto laini haziwezi kulifikia. Ukikosa hayo, kokoto za kawaida zitafanya kazi. Osha, osha tena, halafu kamulia limau jiwe moja kavu. Likitoa mapovu lina chokaa, kama zilivyo kokoto nyingi nyeupe za pwani, na litapandisha pH. Kwa samaki wa Tanganyika hiyo ni zawadi. Kwa samaki wa maji laini litupe nje. Mkaa wa jikoni usiuweke, una majivu na haukuandaliwa kwa kazi hii.

Usawa wa mawe uwe sentimita 2 au 3 juu ya usawa wa maji, pasionekane dimbwi hata dogo. Yeyote aliyekuwapo Dar es Salaam wakati wa mlipuko wa dengi wa mwaka 2014 anajua kwa nini. Mbu wa dengi huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotulia majumbani, na sanduku lenye maji wazi kati ya majani ni chumba cha uzazi ulichomjengea kwa pesa yako. Ndani ya tangi samaki watawala viluwiluwi, lakini huko juu hakuna wa kuwala.

Mimea sasa, sehemu tamu. Anza na mani planti, yule mtambaazi wa majani ya umbo la moyo aoteshwaye hata kwenye chupa ya maji sebuleni. Wataalamu humwita Epipremnum aureum. Kata vipande vyenye vifundo viwili, osha, chomeka kati ya mawe kifundo kimoja kiguse maji. Halalamikii mwanga hafifu wala maji magumu, na mizizi yake itajaza sanduku. Watoto na paka wasimtafune, utomvu wake unawasha mdomo. Magimbi pia hupenda miguu majini na jani lake moja hupendezesha chumba kuliko picha yoyote ukutani. Mafunjo madogo yanafaa karibu na dirisha. Mnanaa na rehani hukubali kama pana mwanga wa kutosha, ila siku utakapowatibu samaki kwa dawa yenye shaba au rangi ya kijani ya malakaiti, chai ya mnanaa huo isahau. Miche inayotoka kwenye udongo ioshwe mizizi mpaka iwe mitupu, kwa kuwa udongo wa kitalu mara nyingi una mbolea na dawa za wadudu.

Majani yakianza kupauka, ujue chakula cha samaki hakina potasiamu na madini ya chuma ya kutosha mmea, na kwenye pH ya juu chuma hushikwa isinyonyeke kirahisi. Dawa yake ni mbolea ya chuma ya majini, kidogo kidogo. Jirani mwenye shamba atakuletea kiganja cha urea kwa moyo mweupe. Mshukuru, uimwage shambani kwake, maana urea majini hugeuka amonia, na hapo utakuwa umewalisha samaki kile kile tulichojenga mnara wote huu kukiondoa.

Sasa washa, na usiweke samaki. Najua wameshanunuliwa katika fikra. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaache yakizunguka siku nzima kwanza. Ukiweza, omba kwa rafiki mwenye tangi lenye afya kipande cha sponji yake chafu, kile ambacho ndugu wa Jumamosi angekisugua, kiweke kwenye chumba cha kwanza. Kila siku dondosha chakula kidogo kioze, ili bakteria wapate cha kuanzia. Nunua vipimo vya matone vya amonia, nitriti na nitrati, badala ya lile jumba la plastiki la chini ya maji. Amonia itapanda, kisha itashuka nitriti ikipanda, kisha nayo itashuka. Kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita. Amonia na nitriti zikisoma sifuri siku kadhaa mfululizo, ingiza samaki watatu au wanne, ukae nao wiki mbili kabla ya wengine, maana bakteria nao huongezeka kwa kadiri ya chakula wanachopata.

Umeme ukikatika, chujio hili lina heshima ambayo yale ya kopo lililofungwa hayana. Bakteria wanahitaji hewa. Ndani ya kopo, maji yakisimama saa nyingi oksijeni huisha, wengi hufa, na pampu ikirudi humwagia samaki uvundo huo. Mawe yako yako wazi, yamelowa na yanapata hewa, kwa hiyo hustahimili zaidi. Samaki ndio wa kuwahi. Kwenye nyuzi 25 lita ya maji hubeba miligramu kama 8 tu za oksijeni, na joto likipanda hupungua. Chota maji ya tangi kwa jagi na uyamwage juu ya mawe kila baada ya muda, yaanguke kwa kishindo. Usiwalishe mpaka umeme urudi.

Hatari kubwa kuliko umeme ni lile kopo la dawa ya mbu ya kupuliza. Viuatilifu vya jamii ya pairethroidi, ambavyo ndivyo vilivyomo kwenye nyingi ya dawa hizo, ni sumu kali mno kwa samaki, na chujio la wazi huyaosha majani na kuviteremsha moja kwa moja tangini. Waambie wote nyumbani, na dada wa kazi mwambie kwa upole na mapema kabla hajalaumiwa bure: chumba hiki hakipulizwi. Wekeni wavu dirishani. Vidukari wakiingia kwenye rehani, watoe kwa vidole.

Baada ya hapo kazi ni ndogo. Robo ya maji ibadilishwe kila wiki, na yale ya zamani yapelekwe kwenye migomba au maua ya nje, ambako nitrati ni chakula. Sponji ya chumba cha kwanza ikamuliwe ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, kamwe isipelekwe bombani. Mawe usiyaguse. Kila baada ya miezi michache chungulia matundu ya kutolea maji ukate mizizi iliyoingia humo, na majani yaliyozeeka yaondoe kabla hayajaoza na kurudisha taka ile ile majini.

Mani planti ikizidi, gawa. Usiyoweza kugawa, ianike juani mpaka ikauke kabisa ndipo uitupe shimoni, wala usiipeleke mtoni wala mfereji wa mvua. Samaki uliowachoka nao warudishe dukani au mpe mfugaji mwingine. Gugumaji lililoziba mialo ya Ziwa Viktoria kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980 lilitoka Amerika ya Kusini, likaletwa Afrika kama ua la kupendezesha madimbwi ya watu.